Kezia na Chupa ya Vidonge Vyekundu

Mama mkwe wangu Kezia aliniibia kwa muda wa wiki tatu, na mimi ndiye niliyemkamata. Ninalisema mapema kwa sababu watu wa Kasipul wanaomjua watakupa habari nyingine. Watakwambia ndiye mwuza viazi vitamu mwenye kipimo cha haki kuliko wote pale soko la Oyugis, kwamba hakosi kanisa siku ya Sabato, na kwamba hajawahi kugombana na jirani kwa ajili ya mpaka. Yote hayo ni kweli. Lakini wao hawakuishi naye boma moja mwaka 1995.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa kutoka Suna, kule Migori. Kama ilivyo kawaida kwa Wajaluo, mama mkwe hakuniita Caren. Aliniita Nyar Suna, yaani binti wa Suna. Mume wangu Fanuel, mwanawe mkubwa, alifanya kazi kwenye stoo ya samaki Homa Bay na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nilibaki na wakwe. Mzee Elkanah, baba mkwe, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Wakati ule niliona uchache huo wa maneno kuwa ni hekima.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Ya pili ilipofika miezi minne nilikwenda kliniki, na sista Dolphine akanivuta ngozi ya chini ya jicho, akatazama, akaitazama tena. Damu yangu ilikuwa chache sana. Aliniambia bila kunizungusha kwamba nikijifungua na damu ile, kutokwa kidogo tu kunaweza kunichukua mimi na mtoto. Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vimeisha pale kliniki, kwa hiyo akaniandikia kwenye kikaratasi nitafute dukani dawa yenye madini ya chuma na foliki. Nisimeze na chai, kwa sababu chai huizuia dawa. Nimeze na maji ya limau. Akaongeza kwamba choo changu kitakuwa cheusi na nisishtuke. Choo kikawa cheusi, na nikashtuka.

Kezia alisisitiza kunisindikiza kwa mwenye duka la dawa, Mkisii mmoja aliyeitwa Bichage. Bichage alikuwa na ulimi mtamu. Alitupangia mezani chupa tatu: moja ya dawa ya maji iliyonukia kama peremende, moja ya vidonge vyekundu visivyovutia macho, na moja ya mafuta ya ini la samaki ndani ya vidonge laini vya rangi ya dhahabu. Hii ya mwisho, alisema, humfanya mtoto azaliwe na akili. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye dhahabu. Ni nani hataki mtoto mwenye akili?

"Weka hiyo chini," Kezia akasema. "Mtoto anahitaji damu kwanza. Akili ataikuta shuleni."

Akamwamuru Bichage amsomee maneno yote yaliyoandikwa kwenye chupa ya vidonge vyekundu, neno kwa neno, na mimi nililinganisha na kikaratasi cha sista. Chuma kilikuwepo, foliki ilikuwepo. Kisha akaanza kuuliza maswali. Je, mwanamke akianza kuvimeza akiwa ameshachelewa, vitamfaa? Je, mwanamke mnene anameza kimoja kama mwembamba? Bichage akacheka na kumwambia, "Mama, wewe si mgonjwa." Mimi nikavimba kichwa. Nilidhani wasiwasi wote ule ni kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, Caren, umepata mama mkwe.

Chupa niliiweka juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu. Kila jioni Kezia aliniletea limau na kusimama mlangoni mpaka nimeze. Ilikuwa ya siku mia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuhesabu, siku ya ishirini na mbili niliimimina kitandani. Vilipaswa kubaki sabini na vinane. Vilikuwa hamsini na saba.

Nilihesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Mtu alikuwa akimeza sambamba na mimi, karibu kila siku, kidonge kwa kidonge. Nikafikiria wageni, nikafikiria watoto wa jirani. Kisha siku hiyo hiyo nikapita nyuma ya jikoni, nikaona bakuli la kuku wa Kezia. Maji yake yalikuwa mekundu.

Hapa lazima nieleze habari ya kuku. Mwezi ule kideri kilikuwa kimeingia kijijini na kuku walikuwa wakifa wakisinzia. Kwetu kuku akiugua hapelekwi kwa daktari wa mifugo. Anasagiwa chochote kilichomo nyumbani: pilipili, majivu, shubiri, na tembe zozote za binadamu zilizobaki kwenye karatasi. Nimeona kuku wakipewa dawa ya malaria na dawa ya kikohozi. Nilipoona maji mekundu sikuuliza swali hata moja. Damu ya mtoto wangu ilikuwa inanyweshwa majogoo.

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini mkaza mwana hamkemei mama mkwe, kwa hiyo nilimngoja Fanuel. Aliposhuka kutoka Homa Bay nilimweleza nikilia. Jioni ya Sabato, kabla hata hajaoga, alikaa nyumbani kwa wazazi wake na kumwuliza mama yake mbele ya baba yake na mbele yangu kama ni kweli amechukua vidonge.

Kezia alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamtazama mzee Elkanah kwa muda mrefu zaidi.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Niliwapa kuku."

Fanuel alipandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mama yake. Alimwuliza kama kuku ana thamani kuliko mjukuu. Kezia hakujitetea. Aliomba msamaha kwangu, mimi mtoto mdogo, na macho yake yakiwa chini. Mzee Elkanah alikuwa akikata kucha kwa wembe. Alimaliza mkono mmoja, akaanza wa pili, na hakusema kitu. Siku iliyofuata Fanuel alininunulia kufuli. Chupa ikaingia ndani ya sanduku la bati, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso yangu. Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana.

Limau la jioni liliendelea kuja. Kezia alilileta kama zamani, akalikata, akanikamulia. Aliangalia nikifungua kufuli, nikitoa kidonge kimoja na kufunga. Hakuwahi kuomba.

Wiki sita baadaye, siku ya soko, aliinama kuinua gunia la viazi na hakuinuka. Wanawake wenzake walidhani anatania, kwa maana alipenda kuwatania. Walipomgeuza, midomo yake ilikuwa na rangi ya unga. Mwenye pikapu ya kubeba magunia alikubali kumkimbiza hospitali kubwa ya Homa Bay, na mimi nikapanda nyuma na tumbo langu la miezi saba, nimempakata kichwa. Njiani nilimkanya Mungu asinifanyie hivyo. Nilikuwa nampenda yule mwanamke, kuku au bila kuku.

Walimwingiza ndani, mimi nikabaki kwenye benchi. Baada ya muda muuguzi alitoka na ile pembe ndogo ya mti ya kusikilizia mtoto tumboni. Akauliza ni nani amekuja na Kezia. Nikasimama.

"Mtoto anasikika vizuri," akasema, "lakini mama ameishiwa damu kabisa."

Nikaweka mkono tumboni. Nikamwambia hajanipima bado, na kwamba mgonjwa ni mama mkwe.

"Sizungumzii mtoto wako," muuguzi akasema. "Mama mkwe wako ana mimba ya miezi minane."

Nilikaa chini. Sikukaa kwenye benchi, nilikaa sakafuni, na watu wakanipisha wakidhani uchungu umeanza. Miezi minane! Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule kila siku, tumepika pamoja, tumepalilia pamoja. Alikuwa mnene tangu zamani na nguo zake zilikuwa pana. Alitafuna odowa, yale mawe laini ya udongo wanayotafuna wajawazito, nami nikadhani ananionjea kabla ya kunipa. Nilichoona ni mama mkwe anayezeeka vizuri. Na yale maji mekundu ya kuku yalikuwa ya pilipili tu.

Kwetu, mwana akishaoa na kuleta mke bomani, mama yake amemaliza kuzaa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila mtu anaijua. Mama na mke wa mwanawe wakibeba mimba pamoja, watu husema chira imeingia, ule ukondefu unaoua watu wa boma lililovunja mwiko. Na hata asiyeamini chira huamini kicheko cha sokoni. Mke wa mzee wa kanisa, mwenye miaka arobaini na minne, angekaaje kwenye foleni ya kliniki kando ya mkaza mwanawe? Hakukaa. Alinisindikiza mimi, akachagua dawa yake kwa kinywa changu.

Lakini kilichonichoma zaidi hakikuwa hicho. Mimba haiingii kwa upepo. Mzee Elkanah alijua. Alikaa pale jioni ya Sabato akikata kucha huku mkewe akiitwa mwizi na mwana wao wa kumzaa, na neno moja kutoka kwake lingetosha. Nimemsamehe mzee mambo mengi, ila zile kucha bado.

Fanuel alifika akikimbia kutoka stoo, ananuka samaki. Walikuwa wakitafuta mtu wa kumtolea mama yake damu, na alitaka kujua ni ugonjwa gani uliommaliza namna ile. Muuguzi alinitazama mimi. Ningeweza kusema malaria, na kila mtu angeridhika.

Nikamwambia yote. Nikamwambia vidonge alivimeza yeye, si kuku, na kwamba mimi na kufuli aliyoninunulia ndio tuliommaliza. Fanuel aligeuka kuutazama ukuta, kisha akakunja mkono wa shati. Damu yake ikalingana na ya mama yake.

Jioni tuliruhusiwa kuingia. Muuguzi alikuwa na kadi mpya ya kliniki, ya kwanza katika maisha ya Kezia, na alikuwa akimwuliza maswali ya kuijaza. Alitaka kututoa nje. Kezia akamzuia kwa mkono.

"Hii ni mimba ya ngapi, mama?"

"Ya tisa."

Fanuel akanitazama. Tulijua watoto watatu: yeye na wadogo zake wawili, wote wawili wasichana walioolewa.

"Walio hai?"

"Watatu. Watano walikufa mikononi mwangu, wengine kabla ya kulia. Kila mara macho yangu yalikuwa meupe hivi hivi, na hakuna mtu aliyeniambia kuna dawa. Nilijua siku ile huyu aliponisimulia maneno ya sista."

Muuguzi aliandika. Kalamu ilichukua muda mrefu. Fanuel alipiga magoti kando ya kitanda na kumwuliza mama yake kwa nini hakusema, kwa nini alikubali kutukanwa.

"Nilisema kuku," Kezia akasema, "na nyinyi wote mkaridhika."

Nikaanza kuomba radhi, nikashindwa kumaliza kwa kilio. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Wewe ulikuwa unalinda wako, Nyar Suna. Mimi pia. Dawa ilikuwa moja."

Wanasema mficha uchi hazai. Kezia aliuficha mpaka dakika ya mwisho, na akazaa: mtoto wa kike, mdogo mno, mwanzoni mwa Julai, pale pale Homa Bay, huku damu ya mwanawe ikitembea mwilini mwake. Alikaa hospitali wiki mbili. Nyumbani maneno yalikuwa yamefika kabla yake. Wapo waliosema heri akae kwao Rongo kwanza mpaka vicheko vipoe, na mzee Elkanah, kwa mara ya kwanza, alifungua kinywa na kusema huenda ni wazo zuri. Kezia alimwambia aende yeye.

Uchungu wangu ulinishika mwezi wa Agosti, siku ya soko, nikiwa mjini Oyugis, upande wa pili wa soko. Mtu alitumwa kumwita. Njia fupi kutoka bomani kwetu hupita nyuma ya shule, haina watu. Kezia hakupita huko. Alipita katikati ya soko, saa tano asubuhi, mtoto wake amefungwa mgongoni, kichwa chake kidogo kiko nje kila mtu akione. Wauza viazi wakanyamaza. Wauza dagaa wa omena wakasimama kutazama. Akawasalimu mmoja mmoja kwa jina, wala hakuharakisha hatua, mpaka aliponifikia.