Bi Somoe na Damu ya Mende

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Somoe ni mguu wa mende, umenasa chini ya ukucha wa kidole gumba. Nilimwamkia shikamoo, akanipa mkono. Baadaye niliunawa mara tatu.

Amefagia shule hii ya Temeke miaka tisa. Kila asubuhi huinua kifuniko cha shimo la choo, akazoa mende wanono kwa mikono mitupu, akaniletea mimi, mwalimu wa baiolojia, maabarani wakinuka mafuta yaliyochacha. Kupasua alijifunza kwa kutazama. Mwaka huu wa 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ameomba kazi ya msaidizi wa maabara. Alhamisi saa nne mkaguzi wa shule angekuja kumsikiliza akieleza mwili wa mende. Akishindwa, atabaki vyooni.

Jumatano tulifanya mazoezi. Alimbana mende kwa pini ndani ya sahani ya maji, akalibandua gamba la mgongo. Mafuta meupe yalielea kama usaha.

“Moyo huu, mwalimu, umegandia kwenye gamba. Bomba refu. Unasukuma mpaka kichwani. Huko mshipa umekwisha, unamwaga tu. Matumbo yote yanaoga humo, kisha inarudi moyoni kwa vitundu vya ubavuni.”

“Inarudi nini, bibi?”

“Maji.”

“Ni damu. Si nyekundu kwa sababu haibebi hewa. Hewa ina vibomba vyake.”

“Mwanangu, usinitie dhambini! Chuoni, kwa maalimu wa Kurani, tulisoma: mdudu hana damu, akifia majini hayanajisiki. Nikisema anayo, visima vyote vya Temeke si najisi?”

“Ukisema maji, mkaguzi atakufelisha.”

Alimkodolea mende macho, kisha akapiga kofi kwa mikono iliyolowa, matone yakanirukia shavuni.

“Lo! Maalimu alisema hana ‘damu ichuruzikayo’. Hii haichuruziki mishipani kama yetu. Imemjaa tumboni kama mchuzi sufuriani!”

“Bibi, tafadhali.”

“Umekuwaje? Kijana msomi, unamwogopa mende?”

Mchana huo sikula mchuzi.

Leo ni Alhamisi, saa nne imepita. Bi Somoe amevaa kanga mpya na anarudia, “Damu. Ana damu. Haichuruziki.” Kila gari likipunguza mwendo barabarani anakimbilia dirishani. Mkaguzi bado hajafika.