Mafuta ya Nguruwe Ndani ya Kalibu

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Nilishuka kwenye bodaboda pale Kingerikiti, nikapita kando ya kahawa iliyoanikwa, na kabla sijapiga hodi nikajikuta nimeziba pua kwa kofia. Nilidhani panya amefia darini. Mdogo wangu wa kike alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akanipa shikamoo, kisha akaiangalia ile kofia.

"Usitafute panya, kaka," alisema. "Ni shemeji yako na bunduki yake."

Mume wake ndiye mwenye bunduki pekee ya kibali katika kitongoji chao, na kila msimu wa mahindi watu humtegemea yeye kufukuza nguruwe pori. Bunduki ni ya zamani, aliirithi kwa baba yake, na risasi za aina ile hazionekani tena madukani. Ndiyo maana aliomba ruhusa ya kujaza upya maganda yaliyokwisha kutumika, akaipata. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka mingi katika karakana ya kambi moja ya uwindaji, kwa hiyo alipotaka kununua kalibu alinipigia simu.

Nilimweleza taratibu, na wewe nakueleza hivyohivyo, maana si jambo gumu. Kalibu ni bomba fupi la chuma linalofungwa juu ya mashine ya mkono. Ukivuta mkono wa mashine, ganda hupanda na kuingia ndani ya bomba. Kazi za mwisho ni mbili. Kwanza, kichwa cha risasi kinakalishwa kwenye mdomo wa ganda, kwa kina chake, bila kuzidi. Pili, mdomo wa ganda unabanwa kidogo ili kichwa kisicheze. Zipo kalibu zinazofanya yote mawili kwa mvuto mmoja, na mtu mwenye subira akizirekebisha vizuri hazina ubaya. Lakini vichwa vyake yeye ni vya madini laini, unaweza kuviachia alama kwa ukucha. Mdomo wa ganda ukianza kubana huku kichwa bado kinashuka, unakikwangua. Nikamshauri achukue kalibu mbili, moja ya kukalisha, nyingine ya kubana.

"Shemeji," alinijibu kwenye simu, "wewe chai moja unainywa kwa vikombe viwili?"

Akachukua moja. Hilo ningelivumilia. Habari ya mafuta sikuijua.

Kwao, nguruwe akiuawa shambani, nyama hugawiwa kila nyumba iliyoshiriki ulinzi, lakini mafuta ya tumboni ni ya mwenye bunduki, wala hayaliwi. Hupakwa kwenye bunduki ili, wanavyosema wenyewe, ijue inachotafuta. Sina ugomvi na desturi hiyo. Baba yake aliifuata mpaka anazeeka, akipaka mbao na kufuta kwa kitambaa. Ila vichwa vya madini laini vina mifereji midogo ubavuni, na mifereji hiyo hujazwa grisi ngumu, kwa kawaida yenye nta ya nyuki. Shemeji alipoona mifereji, akaona mahali pa kuweka mafuta yake.

Alinionyesha kopo kwa fahari. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya maji ya kuoshea vyombo, chenye nywele nyeusi na mabawa ya nzi, na juu utando wa kijani uliopasuka alipochovya kidole. Alikizungusha kidole mle ndani kama mtu anayekomba uji. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, kisha akaninyooshea mkono uleule tusalimiane. Nilimpa kiwiko.

"Mtu wa mjini huyo," alimwambia mkewe. "Mbinga imemharibu."

"Mbinga ina sabuni," nikasema.

Nguruwe walikuwa wameingia shambani usiku uliopita. Mdogo wangu alinionyesha kutoka uani: mashimo ya ngoro, yale ya kuzuia maji mteremkoni, ya upande wa chini yalikuwa yamefukuliwa, matuta yake yamebomoka, mabua yamelala. Yale yaliyobaki ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Jioni hiyo mumewe alikuwa anakwenda kuwasubiri, na risasi alizozitengeneza mwenyewe zilikuwa tayari kwenye sinia.

Nikazitazama zile risasi, nikaona jambo baya kuliko harufu. Alikuwa amezipanga kama alivyozitengeneza, ya kwanza mpaka ya mwisho, nazo zilipungua kimo kama watoto waliopangwa mstari shuleni. Kila kichwa kilikuwa kimezama ndani ya ganda kuliko cha kabla yake. Vile vya mwisho vilikuwa vimebaki ncha tu, na midomo ya maganda imevimba, imepakaa uchafu.

"Shemeji, njoo uone," nikamwambia. "Mafuta yanayozidi hayapotei. Yanabaki ndani ya kalibu, yanashindiliwa chini ya kile kijiti kinachosukuma kichwa. Kila ukivuta, kijiti kinakuwa kirefu zaidi, na kichwa kinazama zaidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Zimelala kidogo. Nguruwe hatapima kwa rula."

"Nguruwe hana shida. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti kuwakia ndani ya ganda inapungua. Ni kama chupa ya togwa uliyoijaza mpaka juu, ukaiziba, ukaiacha juani. Itapasuka. Na wewe shavu lako unaliweka wapi unapolenga?"

Alijigusa shavu, lakini akacheka. "Baba alitumia mafuta haya maisha yake yote, macho yake mawili akayafikisha kaburini."

"Baba yako aliyapaka nje!"

"Kaka, mwambie tena," mdogo wangu alisema. Alikuwa ameleta ugali na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, akaweka sahani kati yetu, lakini hakuketi. "Mahindi nayataka. Na jicho la huyu mtu nalitaka. Mwambie vizuri."

Nilimwambia tena. Nilichora mchangani kwa kijiti. Nilisema kwa upole wote nilionao, naye alitikisa kichwa kwa heshima yote aliyonayo, huku akiokota risasi moja baada ya nyingine na kuzitia mfukoni.

Ndipo nikaifungua ile kalibu kutoka kwenye mashine. Nikaigeuza juu ya kifuniko cha sufuria, nikachomeka msumari, nikasukuma. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha kikatoka chote kwa pamoja, kikadondoka kwa sauti ya kinyesi cha bata: kidonge kirefu cha mafuta meusi, chenye vipande vya madini vinavyong'aa, nywele, na funza wawili ambao, nakuapia, walikuwa wanacheza. Harufu iliyokuwa ikielea nyumbani mle ilikuwa salamu tu. Hii ndiyo ilikuwa mwenyeji. Kuku aliyekuja kutazama aligeuka akaondoka.

Shemeji alikuwa ameinama kuona. Mdomoni alikuwa na usipa. Aliinuka, akakimbilia nyuma ya choo, tukamsikia huko kwa muda.

Aliporudi alikuwa mnyonge, macho yana maji. Akatoa risasi mfukoni, akaziweka kwenye sinia bila kunitazama.

"Ondoka nazo," alisema. "Ondoka na hicho kifuniko pia."

"Kifuniko changu hicho!" mkewe akasema.

"Nitakununulia kingine."

Jioni ile walilinda kwa madebe na moto, majirani wote, na nguruwe wakaishia kuharibu kona moja tu. Risasi nilizibeba mimi, nikaenda kuzifumua polepole karakanani Mbinga, nimejifunga kitambaa puani. Niliporudi nilimletea kalibu ya pili na kipande cha nta ya nyuki. Tukazirekebisha pamoja, ya kukalisha na ya kubana, na alipopanga risasi zake mpya kwenye sinia zote zilikuwa na kimo kimoja. Alizipapasa ncha kwa kiganja, akatabasamu.

Siku alipomuua nguruwe, majirani walimletea mafuta ya tumboni kama kawaida, wakasimama kungoja. Alichovya kidole kimoja, akapaka kitako cha bunduki, mstari mfupi tu. Kisha akampa mkewe bakuli zima.

"Imeshajua," alisema.

"Basi na kikaango nacho kijue," mdogo wangu akajibu, akaingia nalo jikoni.

Walisema maandazi yake yalikuwa mazuri. Mimi nilikula ndizi.