Hesabu Mpaka Ishirini

"Huyu alikimbia ngamia wa jirani, ataweza Juba kwenye risasi?" Shangazi yangu alisema hivyo mbele ya watu, hapa Lodwar, kisha akanikopesha mbuzi. Jamaa wanne nao walitoa mbuzi wao huku wakicheka. Niliwauza mbuzi hao, nikalipa ada ya chuo, nikapata diploma ya umeme, nikavuka mpaka wa Nadapal kuingia Sudan Kusini.

Juba nilikaa miaka minne. Wanasiasa walipokosana, askari wao walipigana mitaani, nami niliendelea kutunza jenereta ya hoteli. Wenzangu walikimbia. Mimi nilijifunza: ukisikia mlio wa risasi, lala chini, hesabu mpaka ishirini, ndipo uinue kichwa. Kufikia mwaka wa pili niliweza kulala chini na kikombe mkononi, chai isimwagike. Nilijivunia hilo kuliko diploma.

Leo nina nyumba ya mawe Lodwar na duka la sola Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi. Dukani niliweka benchi katikati. Wateja waliokimbia vita kule hawakulikalia, walisimama wameegemea ukuta. Nilipolisogeza ukutani, likitazama mlango, wakakaa. Hatukuulizana kitu.

Joto la hapa hulaza kila mtu nje, isipokuwa mimi. Mimi hulala sakafuni, ndani, mlango umefungwa kwa komeo. Binti yetu wa miaka sita hajawahi kusikia bunduki, lakini nilimfundisha kulala chini na kuhesabu. Nilidhani namwachia urithi. Mwalimu akatuita: mlango ukibamizwa tu, mtoto yuko chini ya dawati, na hatoki.

"Kwa maneno hataelewa," mke wangu aliniambia. "Lazima akuone wewe umesimama kishindo kikilia."

Nilimwahidi.

Siku ya kulipa deni la mbuzi niliwaita wadai wote watano nyumbani. Kila mmoja alipewa mbuzi wake na mwingine wa shukrani. Shangazi alikuwa wa mwisho. Aliwapokea mbuzi wake wawili, akawatazama meno.

"Kumbe yule ngamia hakukumaliza," akasema, na watu wakacheka.

Hapo tairi la lori likapasuka barabarani.

Mbuzi walitawanyika, wadai wakawafuata mbio. Mimi nilikuwa kifudifudi, vumbi mdomoni. Binti yangu alikuwa kando yangu, midomo ikichezacheza.

"Baba, nimefika ishirini. Tuamke?"

Niliiona miguu ya mama yake, imesimama palepale ilipokuwa. Yangu ilikataa.

Nikamwambia mtoto ahesabu tena.