Kaka Mbele, Mimi Nyuma, Jabal Shams

Kaka yangu alipotangaza kwamba anataka kupanda Jabal Shams, mimi nilikuwa jikoni kwetu Ibra nakaanga mandazi, nusura nijimwagie mafuta. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Wewe kaka, una akili kweli? Juzi tu umeanguka pale kwenye mfereji wa falaji, shambani kwetu wenyewe, mahala tambarare kama hapa sebuleni. Leo unataka mlima wenye theluji?"

"Ndiyo hasa," akasema. "Theluji imeanguka, na mimi nataka nikaione."

Haikuwa habari ya theluji hata kidogo. Mwanawe alikuwa amekuja kutoka Maskati na neno lake lile lile: baba ahame Ibra akakae naye kwenye fleti. Kaka kafiwa na mke, mimi nimefiwa na mume, na nyumba ile tunakaa sisi wawili. Tunagombana tangu alfajiri juu ya sukari ya chai, na mimi maisha mengine siyataki. Kijana anampenda babake, hilo silikatai. Lakini huko Maskati asubuhi mume anatoka, mke anatoka, watoto skuli, na mlango unafungwa.

"Tuwekeane ahadi," kaka akamwambia. "Nikipanda nikashuka bila ya kuanguka, habari ya Maskati hunitajii tena. Nikianguka, nafunga nguo zangu nakufuata."

"Khalas, Baba. Tumekubaliana." Kijana Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini hilo la kukubaliana alilitamka sawasawa, hata nikamtazama.

Kwa hivyo tukatoka mapema, tukapita Samad, tukatokea Manah, Nizwa tukanywa chai ndani ya gari maana baridi ilishaanza kutuuma. Huko juu, yarabi! Ungedhani Oman nzima imehamia mlimani. Wanaume wazima na kanzu zao wanachota theluji kwa mikono na kuirundika juu ya boneti za gari wawapelekee watoto nyumbani, na sijui walidhani itafika vipi. Kaka alivaa koti juu ya kanzu na bakora mkononi. Mimi abaya nimeipandisha, nimejifunga kanga kiunoni, sijali nani anacheka.

Theluji yenyewe si ile ya kwenye televisheni. Penye jua imeshayeyuka, ni tope tu na mawe yaliyorowa. Ukienda kidogo unakuta laini, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Ukiingia kwenye kivuli cha jabali, ile iliyoyeyuka jana imeganda usiku, inateleza kama sahani yenye mafuta. Na alama za rangi walizochora kwenye mawe kuonyesha njia, nusu zimefunikwa.

Sasa hapo mwenye nguvu ndiye angetangulia kupima barafu. Lakini sisi kwetu mkubwa hapitwi njiani. Tangu utotoni Unguja, kabla ya kuhamia Oman, tukienda harusini, tukienda msibani, kaka mbele na sisi nyuma kama vifaranga vya bata. Kijana hawezi kumpita babake, mimi siwezi kumpita kaka yangu. Basi mzee mwenye magoti mabovu ndiye akatangulia kutupimia njia, na sisi wazima tunamfuata kwa adabu! Ukifikiri vizuri ni wazimu, lakini wakati ule hakuna aliyefikiri.

Tulikuwa tumekubaliana mwisho wetu ni mti mmoja mkongwe juu ya kilima cha kwanza. Tulipoukaribia, kijana akasimama nyuma kumpigia mkewe simu ya video, amwonyeshe theluji. Mimi na kaka tukazunguka jabali. Bakora yake ikazama kwenye theluji laini, mguu ukakanyaga barafu, na mara namwona kaka yangu anakwenda chini kwa makalio, taratibu, mpaka miguu yake ikagonga jiwe. Kofia ikaruka kule.

Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma, kama mwanawe kaona.

Nikampita. Mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe, nikampita kaka yangu, nikajikita chini yake, nikampa mikono.

"Umeumia?"

"Niinue kwanza, utaniuliza baadaye."

"Mzito wewe! Mandazi yangu yote yako humu."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, nguvu zikatuishia, tukawa tumekaa kwenye barafu wazee wawili hatuwezi kuinuka. Mwisho nikamwinua, nikampangusa, nikamvisha kofia yake. Hakuniomba nifiche. Mimi mwenyewe nilishaamua kwamba jambo hili nitazikwa nalo.

Kutoka hapo nilitangulia mimi, napapasa njia kwa bakora yake, naye kaniwekea mkono begani. Tukaufikia mti, tukaugusa, tukageuka. Kijana alipotokea kwenye jabali akatukuta hivyo hivyo, shangazi mbele na baba nyuma. Akasimama. Akashuka nyuma yetu, macho kwenye koti la babake.

Tulipofika kwenye gari, kabla hatujapanda, ndipo alipouliza.

"Shangazi, Baba ameanguka?"

"Aanguke wapi? Si huyu hapa, mzima."

"Mbona wewe ulikuwa mbele?"

"Nimechoka kutazama mgongo wake. Miaka yote hii!"

Hakucheka. "Sema wallahi."

Kuzuga nazuga, tena sana, lakini yamini sichezi nayo. Nikatazama mlima, nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa natafuta neno ambalo si uongo na si kweli, na neno hilo halipo.

"Mwache dada yangu," kaka akasema. "Usimtilie yamini mdomoni kwa ajili yangu. Nimeanguka."

Basi. Nikaiona nyumba yetu ya Ibra imefungwa, na mimi peke yangu na birika la chai. Nilitaka kumpiga kaka yangu kwa bakora yake mwenyewe. Kijana akainamisha kichwa, na wala hakuonekana kufurahi.

"Nimeanguka," kaka akarudia, "na kabla sijajua kama nimeanguka, huyu keshanifikia. Kanishika mikono, kanitukana, kaniinua. Sasa wewe mwanangu niambie. Nikianguka kwako Maskati, saa nne ya asubuhi, nani atanifikia?"

Nilimwona kijana kwa mawazo anapita chumba kwa chumba kwenye ile fleti yake, anatafuta mtu, hamwoni. Akamsogelea babake, akaanza kumpangusa theluji mgongoni ambayo mimi sikuiona, polepole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shangazi," akasema bila ya kunitazama, "basi mkiwa huko Ibra simu yako usizime. Hata usiku."

"Nani kakwambia naizima?" nikamfokea, nikageukia upande wa mlima, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wanione.