Maneno ya Kusemwa Mbele ya Mama

Neno la kwanza la Kirusi nililolijua ni khleb, yaani mkate, na nilifundishwa katika siku ambazo mkate wenyewe ulikuwa hauonekani Tanga nzima. Tulikuwa kwenye foleni ya sabuni pale Chumbageni, mimi na mchumba wangu. Yeye alilitamka taratibu ili kupoteza muda, nami nikalirudia kwa sauti hadi wanawake wa mbele wakageuka. Ile kh ya kooni haikunipa taabu, maana nilikwisha kuchapiwa viboko chuo cha Kurani nikiwa mdogo hadi ikakaa sawa. Kilichonipagawisha ni kwamba katika foleni yote ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua tunasema nini. Nikamwambia aniongeze.

Watu wanaikumbuka miaka ile kwa dhiki, na kweli ilikuwa dhiki. Tulifulia majani ya mpapai, tukanywa chai isiyo sukari na kumshukuru Mungu kwamba majani ya chai yapo. Lakini mimi niliipenda foleni. Ndiyo iliyokuwa mahali pekee ambapo binti mwenye baba mkali angeweza kusimama na mchumba wake tangu asubuhi hadi adhuhuri asisemwe. Nani akuseme, na yeye mwenyewe yumo humo humo anagombea kipande cha sabuni? Baadaye ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, vitu vikaanza kumiminika kutoka Mombasa kupitia Horohoro bila kufichwa chini ya magunia, maduka yakajaa na foleni zikafa. Mji mzima ulishangilia, mimi nikanuna.

Mchumba wangu alikuwa amerudi kutoka Urusi, alikokaa miaka akisomea mitambo katika mji mmoja wa bandari. Tulikuwa tumeahidiana kabla hajaondoka, ahadi ya wawili tu, hakuna mzee aliyeijua. Sasa alikuwa fundi wa winchi bandarini, na mama yake, mjane wa Kipemba aliyeshona kofia nyumbani kwake Usagara, alikuwa amekwisha kupeleka posa kwetu. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atafikiri, na baba yangu akisema atafikiri, basi ujue kuna jambo limemkaa kooni.

Nikawa nangoja jibu la baba huku najaza Kirusi kichwani. Maji ni vada. Chumvi ni sol. Kijiko ni loshka. Nilikuwa nayasema maneno hayo nikichota maji, nikipepeta mchele, nikitandika kitanda, na kila jipya lilinipa kiherehere cha mtoto aliyevishwa viatu vya Idi. Nilijiona mwenyewe nimekwisha kufika huko kwenye theluji, naagiza chumvi dukani na ninaletewa.

Lakini nilikuwa na woga mmoja. Bandarini kulikuwa na mama muuza machungwa ambaye mabaharia wa Kirusi walimfundisha salamu. Kila meli yao ilipoingia aliwasalimu kwa salamu ile, kwa adabu zote, nao wakajishika mbavu kwa kucheka. Mchumba wangu alipoisikia alikataa katakata kunieleza maana yake. Alimfuata tu yule mama pembeni, akamwomba asiiseme tena maishani mwake. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mwalimu wangu alikuwa mmoja tu, kijana anayependa utani kupita kiasi, na sikuwa na njia ya kumkagua. Angeweza kunifundisha tusi la nguoni akaniambia ni jina la ua, nami nikalisema mbele za watu kwa madaha.

Kwa hiyo nikamwekea sharti. Neno lolote atakalonifundisha, kwanza alitamke mbele ya mama yake, akimtazama usoni. Mama hakujua Kirusi hata chembe, lakini alimjua mwanawe. Alikuwa akikaa juu ya mkeka na kofia yake magotini, sindano inaingia na kutoka, na mwanawe amesimama mbele yake kama anayesomewa mashtaka. Kijana akilisema neno kichwa kikiwa juu, mama alisema, "Limepita." Akiinama, akikuna shingo au akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, mama alisema, "Hilo lirudishe ulikolitoa."

Basi raha iliyokuwamo katika mitihani ile! Khleb ilipita. Vada na sol zilipita. Samaki alileta vurugu, kwa kuwa kwa Kirusi ni riba, na shangazi yangu, aliyekuwapo siku hiyo, alisema riba ni haramu na hataki kuisikia ikitajwa kwenye chakula. Mama akaamua kwamba maadamu uso wa mwanawe ni safi, samaki hana kosa. Liko neno jingine, la heshima kabisa kwa Warusi, wanalomwita mama aliyemsimamia mtoto wako katika ubatizo. Hilo siliandiki, na Mswahili yeyote akilisikia atajua kwa nini. Mchumba wangu aliniambia kwamba huko alikokaa majirani walikuwa wakiitana hivyo ngazini mchana kweupe, naye akipita anaziba masikio. Mbele ya mama yake hata hakufungua kinywa. Alisema tu kwamba lipo neno, na kwamba halisemeki. Mama akamwambia kwa hiyo akili aliyopewa na Mungu angalau haikupotea yote Ulaya.

Mambo yakawa hivyo, ya kuchekesha, mpaka shangazi aliponiita chumbani na kuniambia kilichomkaa baba kooni. Watu walikuwa wamemnong'oneza kwamba vijana wanaorudi kutoka huko huacha wake, na kwamba huyu wangu naye ameacha mwanamke wa Kizungu anayemsubiri. Baba hakutaka kumwoza binti yake kwa mume wa nusu. Nilicheka mbele ya shangazi, nikalia aliponipa mgongo, halafu hasira zikanipanda. Jioni ile ile nilimkabili mchumba wangu nikamwambia anifundishe kwa Kirusi neno mke. Akasema ni zhena. Nikamwambia twende kwa mama.

Alisimama mbele ya mkeka. Mama aliweka sindano. Alipolitamka lile neno, uso ulimwiva kwa haya, akainama, akaanza kuchora sakafu kwa kidole cha mguu. Sikuwa nimepata kumwona hivyo hata kwa mengine yaliyokataliwa. Mama akasema neno hilo lirudishwe, na sauti yake haikuwa na mzaha. Mimi nilitoka bila kuaga.

Sikuzungumza naye kwa siku kadhaa. Tulipozungumza tena aliapa kwa kila kiapo kwamba hana mke popote, lakini nilipomuuliza kwa nini basi aliinama, aliinama tena kwa haya. Ningefanya nini na mtu wa namna hiyo? Nilimpenda hadi nikashindwa kula, na papo hapo nilitamani kumpiga kwa kata ya maji.

Ndipo zikaja habari za meli. Mabaharia wa meli iliyotangulia walimletea mchumba wangu salamu kwamba meli inayofuata, inayokuja kupakia katani, ina mpishi mwanamke anayemjua. Alikuwa mama wa rafiki yake aliyekaa naye chumba kimoja, na kila Jumapili ya miaka yote ile mchumba wangu alikuwa akila kwake. Mwenyewe alikimbia kutoka bandarini hadi kwetu kutuambia, akihema, na furaha yake ilinichanganya zaidi. Mtu mwenye la kuficha hukimbia hivyo?

Baba alipoambiwa, kwa mara ya kwanza alisema jambo lenye kichwa na miguu. Mwanamke huyo aalikwe chakula kwa mama mkwe mtarajiwa. Aulizwe. Shangazi awepo awe masikio yake. Kijana asitafsiri, bali akae nje barazani asionekane wala asikike. Nani atauliza? Baba alisema, nasikia binti yangu siku hizi anajua Kirusi.

Siku hiyo niliamka na homa ya furaha na hofu pamoja. Mpishi alikuja kabla ya adhuhuri, mwanamke mnene mwenye meno mawili ya dhahabu na kitambaa chenye maua kichwani, na mchumba wangu alipomfikisha mlangoni alibaki barazani kama alivyoamriwa. Alikuwa amenifundisha kwamba kwao heshima ni kumwita mtu mzima kwa jina lake na la baba yake. Nilijaribu. Midomo ilikataa. Tangu nizaliwe sijamwita mtu wa makamo ya mama yangu kwa jina, sembuse kumtaja na babake, kwa hiyo nilimpigia goti nikamwambia shikamoo, mama. Mama ni mama kila mahali. Alinikumbatia nusura anivunje.

Hakukubali kukaa kama mgeni. Aliingia jikoni, akaiona mbuzi ya kukunia nazi, akataka kuijua. Mama alimwonyesha, naye akaikalia, magoti juu, akakuna nazi huku jasho linamtoka na meno ya dhahabu yanang'aa. Mimi nilikuwa katikati yao nikitoa maneno yangu moja baada ya jingine, sol, vada, riba, loshka, na kila nililolisema lilifanya kazi! Niliomba chumvi nikapewa chumvi. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale miezi mingi pasipo kujua kama ni fedha halali, na sasa yalipokewa bila kugeuzwageuzwa. Moyo wangu ulijaa. Nilijua kwamba mwalimu wangu hakunidanganya hata kwa moja, na nikazidi kuogopa lile moja lililobaki.

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka juu ya mkeka. Tulipokwisha kunawa, shangazi alinigusa goti. Wakati ulikuwa umefika. Neno mke lilikuwa limekataliwa na mama, na mbele yake nisingelitumia, kwa hiyo nikayapanga niliyokuwa nayo. Nilionyesha kidole barazani.

"On. Tam. Dom. Kto?" nilisema. Yeye, huko, nyumbani, nani?

Mpishi alikunja uso. Alinitazama, akamtazama mama, akatazama mlango. Kisha akaelewa, na uso wote ukamkunjuka.

"Zhena?" aliuliza. "Da, da. Zhena yest."

Katika chumba kile, mimi peke yangu nilielewa. Mama na shangazi walikuwa wananitazama mdomoni, na nje nilisikia benchi la barazani likilia chini ya mtu anayejigeuzageuza. Ningeweza kusema lolote. Ningesema amekataa, na shangazi angempelekea baba jibu zuri, na ningeolewa. Nilifikiri hivyo, sikatai, kwa muda wa kumeza mate.

"Kasemaje?" shangazi aliuliza.

"Kasema ndiyo," nikamjibu, na machozi yakaanza kunitoka. "Ana mke."

Mpishi aliruka kama aliyemwagiwa maji. Lilikuwa ni lile neno la mwisho lililomshtua. Alinyoosha kidole, akafumba macho kama mtoto anayekumbuka sura aliyohifadhi chuoni, akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya Kipemba tupu iliyopitia puani mwa Mrusi:

"Mke. Mke wangu yuko Tanga."

Akafumbua macho, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili iliyonuka nazi, akalirudia. Kisha akaigiza yote, maana maneno yalikwisha. Alimwigiza mwanawe anamwonyesha mchumba wangu wasichana. Aliigiza wasichana wenyewe, wanavyotembea. Alimwigiza mchumba wangu, kijiko mkononi, anatikisa kichwa na kusema maneno yale yale. Kila Jumapili, mezani, mbele ya supu, hadi nyumba nzima ikayajua kwa Kiswahili.

Shangazi alielewa kabla yangu. Alianza kutafuta buibui lake, akisema kwamba anakwenda kwa baba sasa hivi, na chai yake tumnywee. Mama yeye hakucheka. Alikuwa ameelekeza uso mlangoni.

"Njoo humu weye," aliita. "N'sikilize. Mtoto wa watu, hajaposwa, babake hajui, mamako hajui, nawe ukawa wenda ukimwita mkeo kwa Warusi?"

Aliingia akiinama vile vile alivyoinama siku ile, na hapo ndipo nikaijua haya yake ilikuwa ya nini. Kuniita mke kabla ya posa, na kulitamka neno hilo mbele ya mama yake aliyemlea kwa adabu, lilikuwa jambo ambalo uso wake haungeweza kulificha. Nilicheka na kulia, nikafuta kamasi kwa upande wa kanga, sikujali ananiona nani.

Mama aliivuta kofia yake aliyokuwa akiishona, akaiweka magotini, akashika sindano.

"Haya, simama wima," alisema. "Liseme lile neno nililolirudisha."

Alisimama wima. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na akalisema. Hakukuna shingo, hakuangalia sakafu.

Mama alitunga uzi kwenye sindano.

"Limepita," alisema.