Kimondo cha Bandani

Mnicheke taratibu, jamani, bado sijapoa.

Kazi yangu ni kutafuta vimondo vya chuma, vile vipande vinavyoanguka kutoka angani, na kuwauzia wakusanyaji. Kanuni yangu ni moja: muuzaji asipewe nafasi ya kusimulia, maana hadithi hupandisha bei.

Juzi kule Kongwa nikakuta donge jeusi limezuia mlango wa banda la kuku. Nikaligusisha sumaku, ikanasa. Nikarudia, ikanasa tena.

"Shikamoo bibi. Hiki chuma unauza?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho kina habari yake, marehemu babu yako..."

"Bibi, nanunua chuma tu. Habari baki nayo."

Akajaribu tena, nikamkatiza tena. Akaniachia kwa bei ya jogoo.

Njiani kurudi Dodoma nilikipakata kama mtoto mchanga. Nje nyika ilipita polepole, rangi ya asali, nami nikakiona chuma changu kikielea gizani kati ya nyota, karne na karne, kikinitafuta mimi.

Mzee mkusanyaji, mteja wangu mkubwa, alikipapasa akatabasamu. "Kizuri. Ila bila historia sinunui. Kilianguka wapi? Nani alikiona?"

Kifua mbele, nikampigia bibi, nikaweka spika. "Bibi, ile habari ya chuma, hebu tusimulie."

"Si ulinikataza? Babu yako alikuwa mhunzi. Aliyeyusha trekta bovu la mashamba ya karanga apate majembe, likamshinda, likabaki donge. Ukimaliza kulishangaa nirudishie, kuku wanatoka."