Wanawake Wanaolisha Ndege

Karatasi za kung'aa zina harufu yake, kitu kati ya gundi na rangi ya kucha, na mimi nikiinusa nakasirika. Wiki iliyopita nilikuwa duka la vitabu mjini Mwanza na Milembe, binti wa kaka yangu, ana miaka saba. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza kila mmoja aje na kitabu cha picha kuhusu bara jingine, watu wake na wanyama wake. Milembe aliangukia kimoja cha Amerika ya Kusini, jaladani kuna mnyama mwenye shingo ndefu na manyoya kama kondoo aliyesahauliwa kunyolewa. Akakifungua chini ya pua yangu. Pale pale nikawa na miaka kumi na moja, niko kwenye foleni mbele ya kabati, mikono inanuka dagaa.

Kabati lilikuwa la Mwalimu Domitila, aliyetufundisha Kiingereza darasa la tano. Vitabu vilitoka kwa wafadhili, boksi mbili, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila Ijumaa mwanafunzi aliruhusiwa kuchagua kimoja akakae nacho wiki nzima, lakini kwanza unawe kwa sabuni kwenye ndoo, halafu mwalimu akunuse viganja. Vyangu alivinusa mara mbili.

"Kabula, rudi kanawe."

"Nimenawa, mwalimu."

"Waambie dagaa wako, siyo mimi."

Darasa zima likacheka. Nikanawa tena, na tena, na niliporudi vitabu vyenye dubu na theluji vilikuwa vimekwisha. Kilibaki kimoja tu, chenye kiboko jaladani. Hakuna aliyekitaka, maana nani achague kiboko wakati akishuka ziwani anamwona bure? Nikakichukua kwa hasira. Maneno ya juu yalisema kwa Kiingereza kwamba hiki ni kitabu cha Afrika, kwa watoto wanaotaka kulijua bara jingine. Nilisoma mara tatu. Kumbe na sisi tulikuwa bara jingine la mtu.

Katikati ya kitabu nikakuta nyumbani. Ufukwe, mawe makubwa yaliyobebana kama yetu ya Ilemela, wanawake watano wameinama na vitenge vyao, na dagaa wametandazwa mpaka majini. Juu yao yangeyange na kunguru, na wale korongo wenye vipara. Nikakimbia nacho nyumbani kabla hata ya kusoma maandishi.

Mama yangu aliishia darasa la tatu. Kazi yake ilikuwa kununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, kuwaanika, na kuwapeleka soko la Mwaloni kule Kirumba. Hakuanika mchangani kama wengine. Alitandika nyavu kuukuu, kwa sababu mnunuzi akimtafuna dagaa mmoja na kusikia mchanga, anakwenda kwa mwingine bila hata kuaga. Kazi yangu mimi, siku zisizo za shule, ilikuwa kukimbizana na ndege kwa fimbo. Yangeyange mmoja anakula. Kunguru anakula na kumwita nduguye.

Mama alifuta mikono, akashika kitabu kwa ncha za vidole. "Hao si dagaa? Wanasemaje?"

Nikachukua kamusi. Ilinichukua muda, na nilipomaliza nilitamani ningekuwa sijui kusoma. Iliandikwa hivi: kila asubuhi wanawake wa ziwani humwaga samaki wadogo mchangani ili kuwalisha ndege. Ni watu maskini lakini wenye furaha.

"Wanasema," nikamwambia mama, "wanawake wa ziwa hili wanajua kuanika dagaa kuliko watu wote duniani."

Sijawahi kumwona mama akitabasamu vile kwa kitu kilichotoka shuleni. Kesho yake alikifunga kile kitabu ndani ya kitenge safi akaenda nacho ufukweni. Akina mama wakakizunguka, wakakosoa hata fundo la kilemba cha yule wa kwanza. Siku tatu walitembea vifua mbele. Siku ya nne akaja mnunuzi kutoka Shinyanga, kijana aliyesoma, mama akampa kitabu aone mwenyewe sifa zao. Yeye akasoma kilichoandikwa, kwa sauti.

Mama Bhoke, rafiki wa mama aliyetoka Mara, akapiga makofi. "Yaani mie naamka saa kumi na moja nikawape kunguru chai?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama naye alicheka. Ila aliponitazama hakuwa anacheka, na hakusema neno juu ya uongo wangu, siku ile wala baadaye.

Kilichonichoma zaidi nilikigundua jioni, nikikipekua tena ukurasa kwa ukurasa. Kiboko alikuwa na jina lake la kisayansi, uzito wake, chakula chake, saa zake za kulala. Simba alikuwa na jina la kupewa kabisa, kama mtoto wa mtu. Wale wanawake watano walikuwa "wanawake". Nikachukua kalamu ya wino nikaandika pembeni ya picha, kwa Kiswahili, herufi kubwa: UONGO. HAWALISHI NDEGE. WANAANIKA DAGAA. NDEGE NI WEZI. HAMKUULIZA.

Ijumaa Mwalimu Domitila alinichapa fimbo nne na kumwita mama. Mama alikuja na nguo zake za kazi. Akamwamkia shikamoo, ingawa walikuwa rika moja, na yule akaitikia marahaba bila hata kuona aibu.

"Mtoto wako ameharibu kitabu cha wafadhili."

"Alichoandika si kweli?"

"Mama Kabula, kweli haiandikwi kwenye kitabu cha watu. Huyu hagusi tena kabati langu mpaka amalize shule."

Nilimsubiri mama aseme. Nilijua ulimi wake. Niliwahi kumsikia akimtoa jasho mchuuzi aliyechezea mizani. Mama akatazama nje dirishani, akapiga goti.

"Naomba radhi, mwalimu. Mtoto amekosa. Kosa ni langu, sikumfunza."

Fimbo nne hazikuuma kama goti lile. Njia nzima sikumsemesha. Ijumaa iliyofuata nikawa kwenye foleni tena, nikanuswa, na kabla ya kumaliza shule ya msingi nilikuwa nimesoma kabati zima. Hasira yangu kwa mama nilikwenda nayo mpaka chuo kikuu. Huko nilisimulia kisa kile kila palipokuwa na mjadala: hivi ndivyo mtu wetu alivyofundishwa kupiga magoti, tazameni mama yangu. Watu walitikisa vichwa. Nilishinda mabishano mengi kwa goti la mama.

Jioni ile ya wiki iliyopita Milembe alimfungulia bibi yake kitabu kipya. Kulikuwa na picha ya mwanamke mlimani, amebeba mzigo wa nyasi mgongoni, na chini yake maelezo kwamba wanawake wa milimani hupenda kutembea na kufurahia mandhari. Nilipomtafsiria, mama akasogeza ukurasa kwenye mwanga.

"Huyu hafurahii kitu. Ona alivyoikaza hiyo kamba. Huyu ana haraka."

Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. "Mama, siku ile shuleni, kwa nini ulipiga goti?"

Ilibidi akumbuke. "Wingu lilikuwa limeshika," akasema. "Dagaa wote nimewaacha nje. Ningebishana na yule mwanamke mpaka saa ngapi? Na wewe ulikuwa unavitaka vile vitabu."

Basi. Wakati mimi nahesabu heshima iliyoanguka, yeye anatazama dirishani, anaona mvua, anaona mzigo wa wiki nzima unaoza, anaona na mimi. Akalimaliza jambo kwa njia iliyokuwa fupi kuliko zote. Na miaka yote hiyo nimewaonyesha watu picha ya mama yangu akiwa ameinama, nikaandika maelezo yangu chini yake. Sikuuliza. Bado nina hasira na kile kitabu, na Mwalimu Domitila, na yeyote aliyesimama ufukweni na kamera yake akaona ndege tu. Ila sasa orodha ina jina langu pia.

"Shangazi," Milembe akasema, kidole kikiwa juu ya yule mwanamke wa mlimani, "kwani anaitwa nani?"

"Hawajaandika."

Akanyoosha mkono akitaka kalamu. Nikampa ya wino.